Kiswahili Chetu Katika Vilima vya Kampala

Sisi ni wasichana watatu wa Kabuchai, tusomao Mbale katika Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988. Mbale hatukujihisi wageni, kwani Wabukusu na Wamasaba ni ndugu na lugha zao zasikilizana. Kampala ndiyo iliyotufunza ugeni, tulipokwenda kuutazama mji huo wakati wa likizo, pamoja na mjomba wa mwenzetu na mkewe.

Kituoni matatu, ambazo wao huziita taksi, zilibanana kama dagaa. Tulimuuliza mama mmoja muuza ndizi njia ya msikitini, kwa Kiswahili. Alinyamaza, akavuta kikapu chake karibu. Kijana mmoja akatueleza kuwa wazee wengi huikumbuka lugha hiyo midomoni mwa askari wa zamani, waliowaamrisha na kuwapora watu. Tulitahayari. Tangu hapo tukawa twanong'ona.

Msikiti wa Taifa uko kilima cha Kampala ya Kale, pale Kapteni Lugard alipojenga ngome yake mwaka 1890. Ujenzi wake ulianzishwa zama za Idi Amin, ukakwama miaka mingi, ukamalizwa kwa msaada wa Libya. Tulisali Adhuhuri, kisha tukapanda mnara hadi magoti yakalalamika. Juu tuliviona vilima vyote: Kibuli na msikiti wake, Namirembe na Rubaga na makanisa yao, Makerere na chuo kilichoanza mwaka 1922, na Kasubi walikozikwa makabaka.

Pale juu tulikumbuka somo la tarekhe. Mwaka 1844 Ahmad bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyefika na misafara ya pwani, alimkanya Kabaka Suuna wa Pili kuwaua watu ovyo. Mwanawe, Muteesa wa Kwanza, alifunga Ramadhani. Lakini baadaye vijana wa barazani mwake waliokataa nyama ya asiyekuwa Mwislamu waliuawa. Kiswahili kilifika hapa na misafara hiyo, pamoja na dini, kabla hakijawa lugha ya kuogopwa.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, karatasi haiondoi woga moyoni. Woga huondolewa na ulimi mwema.

Jioni tulimrudia yule mama. Safari hii tulitanguliza salamu ya Kiganda aliyotufunza mke wa mjomba: "Osiibye otya, nnyabo?" Ndipo tukaendelea kwa Kiswahili, taratibu. Akacheka, akatujibu kwa Kiswahili kizuri kuliko tulivyodhani, na ndizi mbili akatuongeza.

Enyi wazazi, mnapowaaga wana wenu waendao ugenini, pamoja na nauli wapeni na adabu ya maneno. Lugha haina kosa. Kosa ni la aliyeitumia vibaya, na dawa yake ni atakayeitumia vyema.