Ngozi ya Faraghani: Tulichorithi kutoka kwa Buba na Ukoma
(Sehemu ya tatu)

Mei 2025, Mkutano Mkuu wa 78 wa Afya Duniani uliofanyika Geneva ulipitisha azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya umma ulimwenguni. Nchi za Afrika, Côte d'Ivoire ikiwa mbele, zilikuwa miongoni mwa walioliunga mkono kwa nguvu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wakati wowote ule watu wapatao bilioni 1.8 wanaishi na tatizo fulani la ngozi. Kwa sisi tulioitetea ngozi miaka yote huku tukijibiwa kwamba ngozi haiui, hiyo ilikuwa habari njema. Lakini azimio la Geneva halimfikii mtu anayejikuna usiku kwa siri, akimficha hata mwenzi wake wa ndoa. Mtu huyo ndiye ninayemwandikia leo.

Katika makala mbili zilizotangulia tumeshaona pumu ya ngozi (ukurutu) ni nini, kwa nini ukuta wa ngozi hudhoofika, na jinsi kujikuna kunavyozaa mwasho mwingine. Sitarudia. Leo tunaingia mahali ambapo wengi walitaka tufike ila hawakuthubutu kuuliza: kinena, korodani, uume, mashavu ya uke na eneo linalozunguka njia ya haja kubwa. Naomba msomaji aniruhusu kwanza nimpeleke Lulindi, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba namna watu wa kusini mwa Tanzania wanavyoitendea ngozi ya sehemu hizo ilijengwa na historia, na anayetaka kuibadili sharti aijue.

Lulindi iko upande wa Masasi, chini ya ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, ukiwa njiani kupanda Newala. Misheni ya Kianglikana ya UMCA iliingia Masasi mwaka 1876, pale Askofu Edward Steere alipowaleta watu waliokombolewa kutoka utumwani. Hospitali ya Lulindi ndiyo aliyofanyia kazi daktari kijana kutoka Uingereza, Leader Stirling, aliyefika kusini mwaka 1935. Alipasua wagonjwa katika majengo ya miti, udongo na nyasi, na akawafundisha uuguzi vijana wa Kimakonde, Kiyao na Kimakua walewale waliokuwa wakimzunguka. Mwaka 1949 alihamia misheni ya Wabenediktini ya Mnero, mwaka 1958 akaingia bungeni kwa tiketi ya TANU, na kuanzia 1975 hadi 1980 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Alifariki mwaka 2003 akiwa raia wa nchi hii. Sichoki kuisimulia habari yake, kwa sababu inathibitisha kwamba tiba bora haikungoja jengo la ghorofa. Ilihitaji mtu anayejua kazi yake na mgonjwa anayemwamini.

Imani hiyo kwa sehemu kubwa ililetwa na ngozi. Ugonjwa uliowajaza watu katika zahanati za misheni za kusini, kabla na baada ya Stirling kufika, ulikuwa buba. Kijidudu chake ni ndugu wa karibu wa kile cha kaswende, ila buba haiambukizwi kwa zinaa. Hupita ngozi kwa ngozi, hasa kati ya watoto. Vidonda vyake vilikuwa vikubwa, vyenye unyevunyevu, na vilikaa popote, zikiwemo sehemu za siri na makalio. Zilipoletwa sindano za dawa za aseniki na bismuti, vidonda vilivyomsumbua mtu miezi na miezi vilianza kukauka mbele ya macho yake. Habari ilienea kijiji hadi kijiji. Baadaye ikaja penisilini, ambayo sindano moja ilitosha, na kati ya 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF wakaendesha kampeni ya dunia nzima iliyopunguza buba kwa kiasi ambacho kizazi cha leo hakiujui ugonjwa huo kwa macho.

Lilikuwa jambo jema mno, nami nawaheshimu waliolifanya. Lakini liliacha funzo ambalo halikukusudiwa. Liliwafunza babu na bibi zetu kwamba ugonjwa wa ngozi una dawa moja kali, inayofanya kazi upesi, na ukishaipata umemalizana nao. Matarajio hayo yangali hai. Leo mtu akiwashwa kinenani huuliza, "Sindano yake ipi?" Asipopata sindano, hutafuta tyubu.

Ugonjwa wa pili uliotufunza ni ukoma. Huo ulikuwa na kambi zake. Wabenediktini waliofungua Ndanda mwaka 1906, baada ya misheni yao ya Lukuledi kuteketezwa katika vita vya Majimaji, walikuwa na kambi yao Mwena, na Waanglikana nao walikuwa na wagonjwa wao. Kambi zilitoa chakula, vidonda vikasafishwa, na dawa ya dapsoni ikaja katika miaka ya 1940. Hata hivyo, kuhamia kambini kulimaanisha kuacha shamba, nyumba na pengine ndoa. Mwenye baka lisilo na hisia akajifunza kulifunika kwa nguo na kukaa kimya. Leo ukoma unatibika kwa vidonge mchanganyiko vinavyotolewa bure, na hakuna anayepelekwa kambini. Ule woga wa kuonyesha baka, hata hivyo, umebaki.

Basi tazama urithi wetu: buba ilitufunza haraka, ukoma ukatufunza kuficha. Ukiviweka viwili hivyo pamoja katika sehemu za siri, unapata mgonjwa ambaye hataki kuonekana na anataka kupona kesho. Huyo haendi kwa mganga wa zahanati. Anakwenda dukani, ananong'ona na muuzaji, na kurudi na krimu iliyochanganywa dawa tatu ndani yake: ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali.

Wako watakaosema kwamba kuficha ni mila yetu na kwamba heshima inatukataza kuyataja haya. Nakataa kabisa. Hakuna watu waliofundishana habari za mwili waziwazi kuliko watu wa Masasi na Newala. Karl Weule, Mjerumani aliyepita huku mwaka 1906, aliandika kurasa nyingi juu ya jando na unyago wa Wayao, Wamakua na Wamakonde. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, aliona thamani ya mafunzo hayo. Badala ya kuliangamiza jando alilipa sura ya Kikristo, na akalitetea mbele ya wamisionari wenzake waliotaka lifutwe. Katika jando kijana aliambiwa asafishe nini na vipi. Katika unyago mwali alifundishwa na kungwi mambo ambayo mama yake mzazi asingeweza kumtamkia. Mila haikusema sehemu za siri zisizungumzwe. Ilisema zizungumzwe mahali pake, na mtu wake, kwa adabu yake. Wazee waliosema "mficha uchi hazai" walijua walichokuwa wakikisema. Ni sisi wa leo tulioziacha shule hizo tukabaki na aibu peke yake.

Turudi kwa mwenye mwasho. Ajue kwanza kwamba pumu ya ngozi ya sehemu za siri si ugonjwa wa zinaa na haiambukizi. Haithibitishi kwamba mume ametoka nje ya ndoa, wala kwamba mke ni mchafu. Ndoa zimeingia doa kwa ajili ya ukurutu wa kawaida, na hiyo ni dhuluma inayotokana na kutojua.

Kwenye ngozi nyeusi asitafute wekundu unaoandikwa vitabuni. Ataona weusi uliozidi, au rangi ya zambarau au kijivu. Ngozi kavu inayobanduka. Na ikikunwa muda mrefu inakuwa nene na yenye mistari mirefu. Mara nyingi chanzo ni kitu kinachogusa hapo: sabuni ya kufulia, manukato, dawa ya kuua vijidudu iliyochanganywa na maji ya kuogea, pedi zenye harufu, mpira wa kondomu, wembe, na shabu au majani ambayo baadhi ya wanawake huambiwa yanabana uke. Vyote hivyo viachwe, na shabu iwe ya kwanza.

Huku kwetu kuna vyanzo viwili zaidi ambavyo sijaviona vikitajwa inavyostahili. Cha kwanza ni salfa. Tangu ubwiri unga ulipoonekana kwenye mikorosho yetu mwaka 1979, wakulima hupulizia unga wa salfa msimu wa maua. Unga huo huingia ndani ya nguo, hukutana na jasho kinenani, na ngozi huungua. Cha pili ni mafuta ya ganda la korosho. Yana kemikali zenye undugu na zile za mti wa sumu wa Marekani unaowababua watu, na wanawake wanaobangua korosho nyumbani wanayajua kwa vidole vyao. Mkono wenye mafuta hayo ukienda chooni kabla ya kuoshwa, sehemu za siri nazo hubabuka. Mpuliziaji aoge na kubadili nguo zote, pamoja na ya ndani, mara atokapo shambani. Mbanguaji anawe mikono kwa sabuni kabla ya kujisaidia, si baada tu.

Suala la maji nalo lina nafasi yake. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake, na vizazi vya wanawake wa Newala walishuka mabondeni kuchota na kupanda na mzigo kichwani. Maji yakiwa ya kubana, mtu hujipaka sabuni nyingi na kuisuuza kidogo, na masalia yake hukaa kwenye mikunjo ya ngozi siku nzima. Kwa sehemu hizo maji matupu yanatosha. Kisha akaushe kwa kugusagusa kwa kitambaa safi bila kusugua, apake mafuta mazito yasiyo na harufu kama vaselini, na avae nguo ya ndani ya pamba isiyobana. Atambue tu kwamba mafuta hudhoofisha kondomu za mpira, anayezitumia asiyachanganye.

Na dawa? Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Feldmann na Maibach, walipima jinsi haidrokotizoni inavyopenya ngozi ya sehemu mbalimbali za mwili. Ngozi ya korodani iliipitisha mara 42 kuliko ngozi ya mkono, kati ya kiwiko na kifundo. Nawasihi wasomaji waishike namba hiyo. Inaeleza kwa nini krimu kali ya betamethasoni au klobetasoli, ambayo mtu huipaka kiganjani bila madhara makubwa, ikipakwa kinenani kwa wiki kadhaa huifanya ngozi kuwa nyembamba, huacha michirizi isiyofutika, na siku unapoiacha mwasho hurudi kwa ukali. Kama tatizo lilikuwa fangasi, steroidi hutuliza mwasho huku fangasi wakisambaa chini kwa chini. Mganga anapoona inafaa, huanza na haidrokotizoni ya asilimia moja, kiasi kidogo, kwa siku chache anazozitaja yeye. Muuzaji anayetoa tyubu kali bila kuuliza inakwenda kupakwa wapi anafanya dhambi, hata kama anampa mteja alichoomba.

Tena si kila mwasho ni pumu ya ngozi. Fangasi wa kinena huwa na ukingo ulioinuka na mara nyingi huiacha korodani. Pumu ya ngozi huipenda. Upele huwasha zaidi usiku na hushika watu wa nyumba moja. Fangasi wanaorudi kila mara wanaweza kuwa dalili ya kisukari. Kidonda, usaha, malengelenge, damu, au mabaka meupe ukeni kwa mama mtu mzima, hayo yote yanataka mtaalamu mapema, kwa kuwa baadhi yake huweza kugeuka saratani.

Wataalamu wapo. Tangu 1992 kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha waganga kutoka nchi nyingi za Afrika, wengi wao wakiwa si madaktari wa shahada bali waganga wa ngazi ya kati, ambao Stirling angewatambua mara moja kuwa ndio watu wake. Ombi langu kwa halmashauri za Masasi na Newala ni moja: kila moja imsomeshe mganga mmoja huko, na akirudi akae na makungwi na ngariba, awafundishe haya niliyoyaandika, ili yaingie katika mafunzo ya mwali na ya kijana anayetoka jandoni.

Nawe msomaji, kama unawashwa zaidi ya wiki mbili, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, iwe Lulindi, Mkomaindo, Ndanda au Newala. Omba kuonana na mganga wa jinsia yako ukiona haya; una haki hiyo. Chukua na tyubu uliyokuwa ukiipaka, umwonyeshe. Ameshaona wengi wenye hali kama yako, na hatakucheka.