Je, Wajua? Feni Inayojipangia Mwendo

Je, wajua kwamba feni ya kompyuta ya kijeshi haizunguki kwa kasi moja siku nzima? Vihisi hupima joto ndani ya kasha: vifaa vikipata moto, kidhibiti huongeza mwendo wa feni, vikipoa, huupunguza. Kasi ikishuka kwa nusu, umeme unaoliwa na feni hushuka hadi takribani sehemu moja ya nane, na kelele inayoweza kumfichua askari hupungua. Angani mambo hugeuka. Kwenye mwinuko wa mita 5,500, kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo, hivyo feni hulazimika kwenda mbio zaidi. Kidhibiti pia huhesabu mizunguko. Feni ikianza kuchoka, kidhibiti hutoa tahadhari mapema.