"Kadenge na Mpira": Sifo Iliyogeuka Mbolezi

Joe Kadenge alipofariki jijini Nairobi tarehe 7 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 84, waliomlilia walikuwa wa namna mbili. Walikuwapo wachache, wazee wenye mvi, waliowahi kumwona kwa macho yao akisakata kabumbu. Na walikuwapo wengi ambao hawakuwa wamezaliwa alipoangika daluga. Makundi haya mawili yalikutana katika maneno matatu: "Kadenge na mpira." Redioni, magazetini, kwenye matatu na katika mabaraza ya wapenzi wa soka, rambirambi zilianza au zilikoma kwa maneno hayo, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa yalikuwa na maana gani.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, jambo hili si dogo. Mbolezi tunazofundishwa darasani ni nyimbo na tungo za matanga: zina kiongozi, zina waitikiaji, zina ngoma, na aghalabu huhusishwa na jamii fulani na lugha yake. Hapa taifa zima lenye lugha nyingi lilimwombolezea mtu mmoja kwa kifungu cha Kiswahili kilichotoka kinywani mwa mtangazaji wa mpira zaidi ya miaka hamsini kabla ya kifo hicho. Makala hii inashikilia kwamba kifungu hicho kilianza kama sifo, na kwamba umbo lake la kisarufi ndilo lililokiwezesha kuwa mbolezi bila kubadilishwa hata silabi moja.

Kwanza, mwenyewe. Kadenge alizaliwa mwaka 1935, na asili yake ni Magharibi mwa Kenya. Alikuwa mshambulizi. Klabu iliyomtangaza zaidi ni ile ya Abaluhya, iliyoundwa mwaka 1964, ambayo mwaka 1980 ilibadili jina ikawa AFC Leopards wakati serikali ilipotaka vilabu viache majina ya kikabila. Aliichezea pia timu ya taifa katika enzi za Kombe la Gossage, mashindano yaliyoanza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, yakapewa jina la mtengenezaji wa sabuni, kisha Tanganyika na Zanzibar zikajiunga. Mwaka 2002 aliifundisha timu ya taifa kwa muda mfupi. Katikati ya hayo yote aliendesha teksi jijini Nairobi ili apate riziki, jambo ambalo makala hii italirudia.

Sauti iliyombeba ni ya Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, aliyejiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964. Wengi humkumbuka kwa kipindi chake cha adabu, Je, Huu ni Uungwana?, kilichoanza mwaka 1966. Lakini katika viwanja vya mpira alikuwa fanani wa aina nyingine. Televisheni ilikuwa imefika Kenya mwaka 1962, ila kwa raia wa kawaida, hasa mashambani, mchezo uliingia nyumbani kupitia redio. Kijiji kizima kingeweza kuizunguka redio moja ya betri. Hadhira hiyo ilikuwa kipofu kwa maana halisi: haikuona uwanja, haikuona jezi, haikuona mpira. Iliuliza swali moja tu kila nukta, yaani ni nani mwenye mpira sasa, na mtangazaji alilazimika kulijibu kabla jibu halijaharibika.

Ni katika sharti hilo ambapo sajili ya utangazaji wa mpira ilijengeka. Mpira ukipita upesi kutoka mguu hadi mguu, mtangazaji hutaja majina matupu, moja baada ya jingine. Hana nafasi ya kuongeza neno. Lakini mchezaji akiukumbatia mpira, akawapiga chenga mabeki na kukataa kuuachia, jina tupu halitoshi, kwa sababu halionyeshi kwamba mambo yamesimama pale pale. Hapo ndipo "Kadenge na mpira" hurudiwa: Kadenge na mpira, Kadenge na mpira, bado Kadenge na mpira. Takriri hiyo haikuwa pambo. Ilikuwa saa. Kila mara kifungu kiliporudiwa, msikilizaji alijua kwamba beki mwingine ameshindwa kumpokonya mtu yule mpira. Kwa hivyo anayedai kwamba maneno haya hayana sifa ndani yake, na wapo watakaodai hivyo kwa kuwa hayana kivumishi hata kimoja, hajazingatia yanavyofanya kazi. Sifo ya Kadenge imo katika idadi ya marudio.

Tuitazame sarufi yake. Kiswahili sanifu kingetarajia "Kadenge ana mpira". Mtangazaji ameangusha kiambishi cha nafsi, pengine kwa haraka tu, na kilichobaki ni "na" peke yake katikati ya nomino mbili. Matokeo yake ni utata wenye tija. "Na" hiyo yaweza kusomwa kama ya umilikaji, kwamba mpira ni wake. Yaweza kusomwa kama ya kufuatana, kwamba yuko pamoja na mpira kama mtu na rafiki yake. Yaweza pia kuwa kiunganishi cha kawaida, kinachomweka Kadenge upande mmoja na mpira upande wa pili kama jina la hadithi: Sungura na Fisi, Kadenge na Mpira. Masikio ya wasikilizaji hayakuhitaji kuchagua.

Mizani nayo inasaidia. Ka-de-nge ni silabi tatu, na ni moja, m-pi-ra ni tatu. Jumla saba, na ile "na" imekaa katikati kabisa kama mhimili wa mizani ya dukani. Mkazo unaangukia "de" na "pi", kila upande mara moja. Hakuna ushahidi kwamba Mbotela alikaa chini akahesabu, na si lazima awe alihesabu. Mtambaji mzoefu huyafikia mapigo ya namna hii kwa sikio. Majina mengine mengi ya wachezaji yalitangazwa na maneno yale yale ya "na mpira" yakaambatishwa kwayo, lakini hayakudumu. Hapana shaka ufundi wa Kadenge ndio sababu ya kwanza, ila umbo la jina lake halikuwa kikwazo.

Lililo kubwa zaidi ni wakati. "Kadenge ana mpira", ingawa nayo haina kiambishi bayana cha wakati, hufahamika kuwa ni habari ya sasa hivi. Mtu akifa, sentensi hiyo huwa uongo. Adabu ya lugha hudai isemwe "Kadenge alikuwa na mpira", na hapo huzuni huingia pamoja na "alikuwa". "Kadenge na mpira" haijafungwa na sasa wala jana. Ilikuwa kweli mwaka 1966, ilikuwa kweli watoto wa miaka ya themanini walipoipigia kelele wakicheza mpira wa makaratasi na kamba vichochoroni, na Julai 2019 ilitamkwa mbele ya maiti bila kuonekana kosa. Waombolezaji hawakulazimika kumhamisha marehemu kwenda wakati uliopita.

Msomaji wa mighani ya Waswahili atakumbuka kifo cha Fumo Liyongo. Shujaa huyo, baada ya kuchomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, anasimuliwa kuwa alikufa amepiga goti karibu na kisima akiwa ameuelekeza mshale wake, na kwa muda watu waliogopa kwenda kuteka maji kwa kuamini kwamba yu hai. Shujaa wa mighani hufa akiwa katika pozi la kazi yake. Kifungu cha Mbotela kimemfanyia Kadenge vivyo hivyo: kimemwacha uwanjani, mpira ungali mguuni, beki wa upande wa pili hajui aende wapi.

Hata hivyo, usawiri huu una gharama. Pozi la Liyongo liliwaficha watu ukweli kwamba shujaa amekwisha kufa. Maneno matatu ya Kadenge yaliwaficha wengi ukweli kwamba shujaa alikuwa bado anaishi. Huyu alikuwa mzee aliyezeeka mbele ya taifa lililolijua jina lake na kulitumia kwa furaha, ilhali wachezaji wa kizazi chake walistaafu bila akiba inayolingana na sifa zao. Abiria aliyeketi ndani ya teksi yake angeweza kuwa ameyasikia maneno yale tangu utotoni. Wapenzi wa soka walipokusanyika kumlilia, sauti za lawama zilisikika kando ya sauti za sifa: kwamba tunawaimba wachezaji na kuwasahau wangali hai. Lawama hizo ni za haki, na mbolezi ya Kadenge ina upungufu huu mmoja kwamba haina nafasi ya kuzitia. Mbolezi za jadi huweza kumlaumu mauti, huweza hata kuwalaumu jamaa waliomtelekeza marehemu. Hii huweza kurudiwa tu.

Upungufu mwingine ni wa ushahidi. Sinema za Kadenge akicheza ni adimu mno. Anayetaka kujua chenga zake zilikuwa za namna gani, alikuwa akitumia mguu upi zaidi, alikuwa mwepesi au mjanja, hana budi kuwaendea wazee waliokuwapo. Hao ndio maktaba, na hupungua kila mwaka. Mbotela mwenyewe alifariki tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84, umri ule ule wa mchezaji aliyemtangaza. Taarifa za kifo chake zilirudia tena "Kadenge na mpira", safari hii kwa ajili ya aliyeyasema. Kwa hivyo maneno yale yale yamekuwa mbolezi ya watu wawili, fanani na mhusika wake, tukio ambalo ni nadra katika fasihi yoyote. Idara zetu hutuma wanafunzi nyanjani kila mwaka wakusanye methali na vitendawili ambavyo vimekwisha kuchapishwa mara kumi. Ni wachache wanaotumwa wakakae na mzee aliyekuwa shabiki wa Abaluhya mwaka 1966 wamwombe atangaze mechi moja kwa kumbukumbu.

Mashabiki wa AFC Leopards wangali wanaingia uwanjani na isukuti, ngoma ambayo Waluhya huipiga harusini na matangani vilevile. Mmoja ya viwanja ambamo imelia kwa miaka mingi ni ule ulio kando ya Barabara ya Jogoo, Nairobi, uliowahi kuitwa African Stadium, kisha Donholm Road, kisha Jogoo Road, kisha City Stadium. Baada ya kifo cha Kadenge uwanja huo ulipewa jina lake. Abiria wengi wa matatu wanaposhukia hapo bado humwambia makanga "City Stadium", ila ukimtajia hata mtoto neno "Kadenge" peke yake, atakumalizia yale mawili yaliyobaki.