Bomu Lililolala Bado ni Bomu

Majeshi hujaribu silaha zao porini. Bomu lisipolipuka, hulala ardhini miaka mingi.

Huko Kenya, wanajeshi wa Uingereza walilenga shabaha Archers Post na Dol Dol. Wachungaji wa Kisamburu na Kimasai waliokota vyuma. Vingine vililipuka, vikaua watu na kuwakata viungo. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kuwalipa watu zaidi ya 200 pauni milioni 4.5. Lakini fedha hairudishi mkono.

Sisi wa Lumemo je? Mwaka 1917 Wajerumani na Wabelgiji walipigana Mahenge, ng'ambo ya mto wetu. Jembe likigonga chuma usichokijua, usikiguse wala kukichoma. Weka alama, zuia watoto, mwambie mwenyekiti wa kijiji awaite polisi.