Kupima Pumzi za Mchezaji Kiwanjani

Apitaye Kiembe Samaki baada ya alasiri hakosi kujua kwamba vijana wa Unguja hawana upungufu wa mapenzi ya kabumbu. Lakini mapenzi hayampi mtu pumzi, na mchezaji ambaye katika dakika 90 hana budi kwenda masafa ya kilomita 10 hivi, pengine na zaidi, hawezi kuijua akiba yake kwa kujisifu barazani. Machakos mwaka 2017, katika fainali ya Kombe la Chalenji, Zanzibar na Kenya walikwenda dakika 120 wakiwa 2–2 kabla Kenya haijashinda kwa penalti. Mechi ya namna hiyo humfichua kila aliyekuja na pumzi za kuazima.

Mizani halisi ya jambo hili, yaani kiasi cha oksijeni ambacho mwili waweza kukitumia katika juhudi yake ya mwisho, imo maabara, mtu akikimbia juu ya mashine huku amevishwa barakoa. Kwa kuwa gharama yake si ya klabu za mitaani, wataalamu wamebuni vipimo vya kiwanjani. Mashuhuri ni kile cha Dakta Kenneth Cooper, tabibu wa jeshi la anga la Marekani, alichokitangaza mwaka 1968: mtu hukimbia dakika 12, kisha katika mita alizokwenda hutolewa 504.9, na baki ikagawanywa kwa 44.73. Aliyefika mita 2,800 hupata mililita 51 na ushei kwa kila kilo ya mwili wake kwa dakika. Hesabu hii siidharau, ila kabumbu si mbio za mfululizo. Mchezaji hutimka, husita, hugeuka, hutembea, kisha hutimka tena.

Ndiyo maana Jens Bangsbo wa Copenhagen, katika miaka ya 1990, akaleta kipimo cha Yo-Yo, nacho nakiona ni cha insafu zaidi. Mlio ukilia, mchezaji hukimbia mita 20 na kurudi, akapewa sekunde 10 za kutembea mita 5 kwenda na kurudi, kisha huanza tena, na mwendo, ambao mwanzoni ni kilomita 10 kwa saa, huzidi kupanda. Akichelewa mara mbili, hutoka. Msimamizi asikae kivulini, kwani wenye hila, pumzi zikiwaishia, hugeuka kabla ya mguu kugusa mstari.

Mchanga huvuta mguu, na joto la kaskazi na unyevunyevu wake huuchosha moyo mapema, seuze kwa aliyefunga Ramadhani. Kwa hiyo matokeo ya kiwanja cha mtaani yasiwekwe kando ya majedwali ya Ulaya. Yalinganishwe na ya mchezaji yule yule, kiwanja kile kile, saa ile ile, baada ya wiki kadhaa za mazoezi.