Bilioni kumi kwa siku saba

Makubaliano yenyewe huisha kwa dakika chache. Benki moja ya Dar es Salaam imefika mchana ikiwa na ziada ya shilingi bilioni 10, nyingine imepungukiwa. Maofisa wa hazina wa pande mbili wanapigiana simu, wanaafikiana siku saba kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, kisha kila mmoja anarudi kwenye kompyuta yake. Kinachofuata hakina mvuto hata kidogo: kujaza fomu. Nani anakopesha, nani anakopa, kiasi gani, sarafu ipi, riba, tarehe ya makubaliano, tarehe ya fedha kuhama, tarehe ya kuiva, akaunti ya kupokelea. Ikishahifadhiwa na kuidhinishwa, programu inakokotoa riba, inaandaa malipo na kuandika leja bila kumuuliza mtu tena.

Soko la fedha la muda mfupi limejaa fomu za namna hii: mikopo ya usiku mmoja au ya wiki baina ya mabenki, amana za muda maalumu, dhamana za Serikali zisizozidi mwaka. Si jambo la mabenki peke yao. Riba ya mikopo ya siku saba ndiyo ambayo Benki Kuu ya Tanzania imekuwa ikiilenga tangu Januari 2024, ilipoanza kuendesha sera ya fedha kwa kutumia riba, na wanachama wa mifuko ya hifadhi ya jamii wana akiba yao ndani ya dhamana hizo.

Programu inajua hesabu. Haijui mwingizaji alikusudia nini.

Uchukuliwe mkopo ule ule wa bilioni 10. Shilingi huhesabiwa kwa mwaka wa siku 365, kwa hiyo riba ya wiki ni shilingi 11,506,849. Dola, kwa desturi ya masoko ya kimataifa, huhesabiwa kwa mwaka wa siku 360. Sasa ofisa aliyetoka kuingiza amana ya dola ananakili fomu yake ili kuokoa muda, anabadilisha sarafu na kiasi, anasahau kigezo cha siku. Skrini inamletea 11,666,667. Haionyeshi alama nyekundu wala onyo, kwa sababu hesabu ni sahihi kwa kile ilichopewa. Siku ya kuiva, mkopaji analipa pungufu ya shilingi laki moja na sitini elfu hivi, na mhasibu anapoteza asubuhi nzima kumsaka mdaiwa ambaye hadaiwi kitu.

Dhamana za Serikali zina mtego wa aina nyingine. Hizi huuzwa chini ya thamani yake: mnunuzi anatoa, tuseme, shilingi 94 leo ili alipwe 100 baada ya siku 364. Atakayelipwa milioni 50 siku ya kuiva anatoa milioni 47 tu. Fomu inataka viasi vyote viwili, na mwingizaji mwenye haraka huandika milioni 50 kila mahali. Vitabu vitasema uwekezaji huo hauna faida hata senti, huku milioni tatu zikisubiri kujitokeza mwishoni bila maelezo. Mwingine atachukua ile 6 iliyopungua kwenye 100 na kuiandika kuwa ndiyo riba, ilhali faida halisi, ikipimwa kwa 94 zilizotolewa, ni asilimia 6.4 kwa mwaka.

Kuna kipimo kimoja cha bure ambacho wazoefu hukitumia. Dhamana za Tanzania huwa za siku 35, 91, 182 au 364, na namba zote hizo hugawanyika kwa saba. Mnada hufanyika Jumatano, malipo yanafanyika siku ya kazi inayofuata. Iliyolipiwa Alhamisi itaiva Alhamisi. Skrini ikionyesha Ijumaa, huenda mtu ameandika 365 mahali pa 364, au amekosea tarehe ya kuanzia.

Kinga inayotegemewa zaidi ni mtu wa pili: mmoja anaingiza, mwingine anaidhinisha. Ni kanuni nzuri, ila inasifiwa kuliko inavyostahili, na ushahidi ulipatikana Citibank, Marekani, tarehe 11 Agosti 2020. Benki hiyo, ikiwa wakala wa mkopo wa kampuni ya vipodozi ya Revlon, ilikusudia kuwalipa wakopeshaji riba ya dola milioni 7.8 hivi. Ili mtaji wa mkopo ubaki ndani ya benki, programu ya Flexcube ilitaka sehemu tatu zijazwe akaunti ya ndani. Ikajazwa moja. Watu watatu waliupitia muamala, wote wakaamini moja inatosha, na karibu dola milioni 900 za benki yenyewe zikatoka. Baadhi ya wakopeshaji waligoma kurudisha zaidi ya milioni 500, Februari 2021 jaji akawapa haki, na ni Septemba 2022 ndipo mahakama ya rufaa ilipoitengua hukumu hiyo.

Jicho la tatu halikusaidia kwa kuwa lilitazama skrini ile ile kwa imani ile ile. Ndiyo maana mabenki hutumiana pia uthibitisho: kwa mikopo na amana za muda maalumu ni ujumbe wa MT320 kupitia mtandao wa SWIFT. Hapo tarehe, kiasi na riba zinalinganishwa na zile alizoandika mtu wa benki nyingine, ambaye hakuiona fomu ya kwanza.

Hata hivyo, pande zote mbili zinaweza kukosea pamoja. Programu huruka sikukuu kwa kufuata kalenda iliyowekwa ndani yake. Krismasi inajulikana miaka mia mbele; Idd el Fitr hungoja mwezi uandame. Mkopo wa bilioni 10 ukipangwa kuiva siku inayokuja kuwa Idd, malipo yanasogea hadi siku ya kazi inayofuata, na kila siku ya ziada inaongeza riba ya shilingi 1,643,836. Tangazo la mwezi likitoka usiku, lazima awepo mwenye ruhusa ya kufungua kalenda hiyo, aongeze sikukuu kwa mkono, kisha aipitie upya mikopo yote inayoiva siku hiyo.