Dakika za Kiingereza: Wakikuuliza "Didn't you?", usikimbilie "Yes"

Chukua kalamu ukiwa nayo. Leo tunajifunza kukanusha.

Kwa Kiswahili tunakanusha ndani ya kitenzi chenyewe: ninafanya kazi, sifanyi kazi. Kiingereza kinaweka maneno mawili mbele ya kitenzi. "I work" inakuwa "I do not work". Ukimtaja mtu mwingine mmoja, sema "does": "She does not work". Ukisema habari ya jana, ni "did": "I did not work".

Hapa wengi tunakosea. "Did" ikishaingia, kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la kwanza. Nilikwenda ni "I went". Sikwenda ni "I did not go", si "I did not went".

Lakini "am", "is" na "are" hazihitaji msaada huo: "I am not sick", mimi si mgonjwa.

Sasa tufike penye mtego. Mtu akikuuliza, "Hukurudi nyumbani?", unajibu, "Ndiyo, sikurudi." Unamkubalia aliyeuliza. Kiingereza hakiendi hivyo. Afisa akikuuliza, "Didn't you go back?", nawe ukajibu "Yes" peke yake, ataelewa kwamba ulirudi. Naye ataandika hivyo. Kwenye mahojiano ya ukimbizi, neno hilo moja linaweza kukuletea maswali mazito: kama ulirudi, unaogopa nini huko?

Basi shika hili: usifuate swali, fuata ukweli wako. Kama hukurudi, sema, "No, I did not go back." Kama ulirudi, sema, "Yes, I went back." "No" inatembea na "not", "Yes" haitembei nayo.

Tena usijibu kwa neno moja. Sentensi nzima haimwachii mtu nafasi ya kukisia. Na kama swali hukulielewa, sema, "I do not understand." Hiyo nayo ni sentensi ya kukanusha, wala si aibu. Unaweza pia kuomba mkalimani.

Jioni hii mwombe jirani akuulize: "Don't you have a card?" Mjibu kwa sentensi nzima, kisha mbadilishane. Tukutane kipindi kijacho.